Benzi la bei chee Pasiansi: Nusa buti kabla hujanyoosha mkono!

KIJANA wa mjini akishapata kazi ya maana, akapanga chumba na sebule, akanunua na redio ya kutikisa madirisha ya jirani, kinachofuata ni ndinga. Tena si ndinga ilimradi ndinga. Anataka gari refu lililolala chini, rangi nyeusi au ya fedha, siti za ngozi, mlango ukifungwa unalia "dup!" kama wa jokofu. Gari ambalo likipita kijiweni, washkaji wanasahau zamu ya nani kusukuma kete.

Tatizo ni mfuko. Ukiagiza kutoka Japani, bei ya gari ni mwanzo tu wa maneno. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25, kuna ushuru wa bidhaa unaopanda kufuatana na ukubwa wa injini (ikizidi cc 2,000 ni asilimia 10), kuna VAT asilimia 18, na gari likishapita miaka 8 tangu litengenezwe, uzee nao unatozwa. Ukimaliza kujumlisha unakuta kodi inakimbizana na bei ya gari lenyewe. Ndiyo maana mtu akisoma tangazo kwamba Crown au Benzi litapigwa mnada Jumamosi, tena bei ya kuanzia ni chee, usingizi unakata.

Wiki hii, msomaji wangu, twende Pasiansi, Mwanza, tukalitazame hilo gari kabla nyundo haijagonga.

NJIA YA AIRPORT

Ukiwa katikati ya jiji, dandia daladala ambayo konda wake anaita "Airport, Airport!" Itashika Barabara ya Makongoro kuelekea kaskazini. Utapita Furahisha na Rock City Mall, utapita Kirumba kwenye uwanja wa mpira wa CCM, na upande wa ziwani kuna njia ya kushukia Mwaloni, soko la dagaa na samaki wakavu ambao safari yao inafika mpaka Kongo. Hapo funga dirisha ukipenda. Wenyeji hawafungi. Kwao ile ndiyo harufu ya pesa.

Huku na huku ni milima ya mawe, nyumba zimeparamia juu kama mbuzi. Ziwa linachungulia, linajificha, linachungulia tena. Kidogo kidogo kelele za mjini zinapungua, unaingia Pasiansi, ndani ya Manispaa ya Ilemela. Ukinyoosha mbele unafika uwanja wa ndege. Ukikata kulia kuna barabara ya Buzuruga inayokwenda kukutana na ile ya Musoma. Yaani ni njia panda ya watu wenye haraka.

Lakini jina lenyewe halina haraka hata kidogo. Kwa aliyekaa darasani siku mbili tatu, "Pasiansi" linalia sikioni kama neno la Waingereza la subira. Likariri hilo jina. Linaweza kukuokolea mamilioni.

Hapo Pasiansi ndipo kilipo chuo cha wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1966, kinachofundisha askari wa kulinda wanyama wetu. Askari porini hangoji simba ajitambulishe. Anasoma nyayo, anasoma nyasi zilizolala, anajua nani kapita na kapita lini. Na wewe mnadani fanya hivyohivyo, maana gari halina ulimi, na dalali ana ulimi mrefu.

Siku mnada wa magari ukiangukia maeneo haya utaujua tu. Geti la yadi limebandikwa tangazo, bodaboda wamepanga foleni nje, mama wa chai na vitumbua kashika kona yake, na wanaume wamesimama makundi makundi wakiongea kwa sauti ya chini kama wako msibani. Gari linalotazamwa kuliko yote halina shida kulitambua. Limeegeshwa mbele, limeoshwa, matairi yamepakwa mafuta, linameremeta jua likilipiga.

Hilo ndilo la kuanza kulitilia shaka.

HESHIMA INA HISTORIA

Kabla hatujafungua boneti, tujiulize kwanza kwa nini magari haya yanatutoa roho. Wenye magari ya namna hii Waswahili tuliwapa jina zamani, tangu miaka ya 1960: Wabenzi. Azimio la Arusha la 1967 likaja kuwabana viongozi wasijilimbikizie mali, na kumiliki Benzi kukawa na maswali yake. Milango ya biashara ikaanza kulegezwa 1984, Mzee Mwinyi akaingia Ikulu 1985 akaitwa Mzee Ruksa, na miaka ya 1990 zikamiminika Cresta, Chaser na Mark II zilizokwisha kutumika Japani. Heshima ikashuka bei kidogo, ikamfikia na mtu wa kati. Mark II ilipofikia mwisho wake mwaka 2004, ikarithiwa na Mark X, ambayo nayo ilisimama kutengenezwa 2019. Crown ndiyo babu yao: ipo tangu 1955.

Sasa Mwanza pesa zake zina misimu. Sangara akikubali, mji unacheka. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu, viwanda vya minofu viliyumba na mji ukajua. Dhahabu nayo ni hivyohivyo: leo shimo linatoa, kesho linatoa maji. Gari la kifahari hununuliwa msimu wa kucheka, likafika mnadani msimu wa kulia. Na mtu akianza kuishiwa, kitu cha kwanza kukatwa si ada ya mtoto wala kodi ya nyumba. Ni sevisi ya gari!

Hapo ndipo ulipo moyo wa mambo yote haya, ushike: bei ya gari la kifahari inashuka kila mwaka, lakini bei ya spea zake haishuki. Benzi lililouzwa kwa pesa ya nyumba likiwa jipya, leo mnadani unalipata kwa bei ya kigari cha mwanafunzi. Ila taa yake ya mbele ikipasuka, taa bado inauzwa kama taa ya Benzi. Kwa hiyo mnadani hununui gari peke yake. Unanunua pamoja na sevisi zote ambazo mwenyewe wa kwanza hakuzifanya.

NANI ANAUZA, NA KWA NINI?

Usianze na boneti basi. Anza na tangazo. Kila muuzaji ana gari lenye ugonjwa wa aina yake.

Kama ni la serikali (STK), shirika la umma (SU) au mradi wa wafadhili (DFP), mara nyingi miaka ya mwanzo lilitunzwa vizuri, halafu likaegeshwa juani likingoja kibali cha kuuzwa. Gari lisilotembea linaugua kimyakimya: sili zinakauka, betri inakufa, petroli inaoza tangini, panya wanakula nyaya. Na soma maandishi madogo. Gari lililoingia nchini kwa msamaha wa kodi, mara nyingi mnunuzi ndiye anayeambiwa akalipie ushuru TRA. Wengi wamefurahia bei Jumamosi, Jumatatu wakaambiwa bado hawajalipa nusu.

Kama ni la benki, uliza lilikamatwa lini na lilikuwa linalala wapi. Mdaiwa anayejua gari litachukuliwa hana haja ya kulibadilishia oili. Wengine kabla ya kunyang'anywa huchomoa betri nzuri, redio na hata matairi, wanafunga vimeo.

Kama ni la forodha, yaani lilifika likakosa wa kulikomboa, barabara zetu halijazijua, hilo ni jema. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka tangazo la siku 30 kabla mali ya namna hiyo haijauzwa, lakini mengine hukaa yadi muda mrefu zaidi ya hapo. Uliza tarehe ya kuingia.

Kama ni la kampuni ya bima, swali ni moja tu: liligongwa wapi, au lilizama wapi? Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho kabisa. Ukikuta tope limekauka kule ndani, hilo gari lilikwisha kuogelea.

Kama ni la mahakama, omba kuona amri ya mahakama, na uulize kama kuna mtu kaweka pingamizi. Usije ukanunua gari na kesi kwa pamoja.

Juu ya yote hayo kuna sentensi inayoandikwa karibu kila tangazo: mali itauzwa "kama ilivyo na mahali ilipo." Wengi wanairuka kama wanavyoruka salamu za barua. Maana yake ni kwamba likifia getini, ni lako. Hakuna kurudisha, hakuna "nilikuwa sijui."

SIKU YA KUANGALIA

Kwa kawaida kunatengwa siku moja au mbili za watu kuangalia mali kabla ya mnada. Hiyo ndiyo siku muhimu kuliko ya nyundo. Nenda asubuhi mapema, upepo wa ziwa ukiwa bado baridi, tena nenda na fundi uliyemlipa wewe. Si fundi wa yadi, si binamu wa dalali. Ujira wa fundi wa asubuhi moja ni chenji ukilinganisha na giaboksi.

Fundi mzuri utamjua kwa maneno yake machache.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, mdogo wangu. Umekuja kununua au kutazama?"

"Kutazama kwanza."

"Basi utanunua vizuri."

Cha kwanza atakachofanya ni kuweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, atakuuliza nani kaliwasha kabla hamjafika. Gari linalopashwa moto alfajiri lina jambo linaloonekana likiwa baridi tu. Mwambie mwenye yadi mtarudi kesho, na kesho mwahi kabla yake. Baada ya hapo kazi inaanza.

BODI. Simama mita chache nyuma ulitazame gari kwa ubavu, jua likiwa chini. Nafasi kati ya mlango na mlango zilingane kila upande. Mwanya mpana huku na mwembamba kule ni dalili kuwa lilikunjwa likanyooshwa. Tazama bolti za boneti na za mabawa: rangi ikiwa imechubuka kwenye vichwa vya bolti, spana ilipita hapo. Chukua sumaku ndogo uifunge kitambaa, uipitishe kwenye bodi. Ikiteleza mahali, kuna puti chini ya rangi. Ila angalia usijidanganye: E-Class iliyotoka kati ya 2002 na 2009 ina boneti na mabawa ya mbele ya alumini. Sumaku haitashika hata kama ni zima kabisa.

BUTI. Hili ni la Mwanza, msomaji wangu, lisikilize. Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi, kwa hiyo gari la huku haliliwi na kutu kama la Tanga au Dar es Salaam, ambako upepo wa bahari unatafuna bodi usiku na mchana. Lakini chumvi inaweza kuingia kwa mlango wa nyuma! Kayabo, yule sangara anayekaushwa kwa chumvi na kusafirishwa Kongo, hapandi lori peke yake. Siku ya haraka hupanda hata buti ya Mark X. Fungua buti, ingiza kichwa, nusa. Ukikutana na marashi makali kupita kiasi, endelea kunusa. Inua zulia, toa spea tairi, papasa pale chini. Kutu ya mviringo na harufu ya Mwaloni vikikutana hapo, ujue gari la bosi lilikuwa na kazi ya pili.

INJINI. Ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando mweupe kama maziwa, maji na oili vimekutana, gasketi imeshasalimu amri. Fungua rejeta (ya baridi tu, tafadhali!). Maji yawe na rangi yake safi, si uji wa kutu. Kisha mwenye yadi awashe wewe ukiwa nyuma ya eksozi. Mvuke mwepesi wa asubuhi usikutishe. Moshi wa bluu ni oili inaungua, mweusi ni petroli inamwagwa ovyo, mweupe mzito usioisha ni maji yanaingia kwenye silinda.

Sikiliza zile sekunde za mwanzo. Benzi C180 na E200 zenye maandishi "Kompressor" zikikwaruza kama mnyororo unaoburutwa pale tu zinapowaka halafu zikanyamaza, ni cheni ya injini imelegea. Ndiyo siri ile ya kupasha moto alfajiri. BMW za miaka ya 2000 tazama tangi la maji na mabomba yake ya plastiki, hupasuka bila hodi. Na kwa Brevis au Mark II zile zenye neno D4, petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya nguvu. Ikiwa nzima ni raha. Ikianza kusumbua, fundi wa mtaani anakuna kichwa na wewe unakuna mfuko. Uliza kabla ni nani mjini kwenu anaijua.

GIA. Minada mingi hairuhusu kuendesha, inaruhusu kuwasha tu. Usinung'unike, tumia hichohicho. Omba mguu ukiwa kwenye breki gia itolewe P iende R, kisha D. Ihame ndani ya kufumba na kufumbua, bila kishindo. Ikikawia halafu ikapiga "gu!", hiyo ni giaboksi inayoomba mapumziko. Nyingi za kisasa, Mark X ikiwemo, hazina hata kile kijiti cha kupimia oili ya gia, kwa hiyo mshindo huo ndio ushahidi wako.

TAA ZA DASHIBODI. Ufunguo ukifika mahali pa kuwasha, kabla injini haijanguruma, taa zote za onyo lazima ziwake: ya injini, ya ABS, ya eabegi. Halafu injini ikishawaka, zizimike. Taa isiyozimika ni ugonjwa. Taa isiyowaka kabisa ni ugonjwa na utapeli, maana kuna mtu kaifunga isiseme. Fundi wa siku hizi anakuja na mashine ya kupimia. Kama yadi inakataza mashine hata kuchomekwa, wewe nawe kataza mkono wako kunyooka. E-Class ya 2002 hadi 2006 itazame kwa jicho la pekee kwenye breki: nyingi zina breki za umeme ambazo pampu yake ina hesabu ya kazi, ikiisha taa nyekundu inawaka, na pampu hiyo si kitu cha kuokota gereji.

MIGUU. Baadhi ya Benzi kubwa na Crown Majesta hazikai juu ya springi za chuma, zinakaa juu ya mifuko ya upepo. Lililolala yadi usiku kucha ukalikuta limepiga magoti upande mmoja kama ngamia, mfuko mmoja unavuja. Ndiyo faida nyingine ya kuwahi. Ukichelewa utakuta wameshaliwasha, limesimama wima kama askari wa gwaride.

KILOMITA. Namba kwenye dashibodi inachezewa, jamani, hilo si la kuuliza. Lakini pedali ya breki haichezewi. Gari linalosema kilomita 60,000 huku mpira wa pedali umekwisha, stelingi imepata upara na siti ya dereva imechanika ubavu, linadanganya. Fungua mlango wa dereva utafute stika ya Kijapani ya kubadili oili. Huandikwa tarehe na kilomita. Ukikuta stika inasema 90,000 mwaka 2014 na dashibodi leo inasema 75,000, hapo gari limekuwa likitembea kinyumenyume!

Wajapani wenyewe mnada wao ni shule. Kwenye minada mikubwa kama ya USS, gari hukaguliwa kwanza, karatasi inaandikwa alama, kila mkwaruzo unachorwa mahali pake, na lililowahi kugongwa vibaya likatengenezwa hupewa herufi R. Kwa namba ya chasisi unaweza kuitafuta karatasi hiyo hata baada ya miaka. Gari lililopita huko kabla ya kuja kwetu usiliache bila kuuliza karatasi yake. Huku kwetu hakuna anayekuandikia. Karatasi ya ukaguzi ni wewe na fundi wako.

MATAIRI. Tazama ubavuni tarakimu nne za mwisho. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi linaweza kuwa na vilima vizuri na bado likawa zee kuliko mdogo wako wa darasa la kwanza. Na ya ndinga ya kifahari ni mapana, hayauzwi bei ya ya kibajaji.

KARATASI KABLA YA PESA

Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ya kadi, herufi kwa herufi. Gusa kwa kidole: ikiwa imekwaruzwa au imechomelewa pembeni, aga uondoke. Hakiki kadi hiyo TRA kama jina, rangi na injini vinakubaliana, na kama kuna benki inayolishikilia. Angalia faini za trafiki ambazo mwenyewe aliziacha. Ile leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa 2017, gharama yake ikahamia kwenye mafuta, kwa hiyo mtu akikudai deni lake leo anakuzuga.

Masharti ya matangazo mengi ni kwamba ukishinda unalipa asilimia 25 papo hapo, na iliyobaki ndani ya siku 14. Ukishindwa, ile ya kwanza imekwenda na maji. Kwa hiyo usiende na robo ukitegemea shemeji atakukopesha. Na pesa ilipwe kwenye akaunti au namba ya malipo iliyo kwenye tangazo, risiti iandikwe jina lako. Anayekuambia "nipe mimi nikulainishie" anakuingiza mjini.

HESABU YA KALAMU

Tuseme Crown kama hiyo, ikiwa nzima, mtaani inauzwa milioni 18. Usianzie kwenye bei ya dalali, anzia hapo urudi nyuma. Toa milioni 2 za matairi na sevisi kubwa. Toa milioni 2 na nusu za shokapu, bushi na AC. Toa milioni 1 ya kubadili umiliki na bima. Toa milioni 2 na nusu za yale ambayo hata fundi hakuyaona, maana yapo, siku zote yapo. Inabaki milioni 10. Hiyo ndiyo dari yako. Iandike kwenye kiganja kwa kalamu ya wino, isifutike kwa jasho.

Maana siku ya nyundo jasho linatoka. Kuna jamaa wamejipanga pale kazi yao ni kupandisha dau tu, hawana hata pesa ya nauli. Kuna na ubishi wa kiume, ambao ni ghali kuliko petroli. Vijana wawili wakianza kushindania Mark X ya rangi ya fedha, mmoja akitaja tisa mwingine anataja kumi, macho kwa macho, hawalitazami tena gari. Mwisho mshindi analipa zaidi ya bei ya lile lililo safi pale mjini, na umati unampigia makofi. Anapongezwa kwa kupoteza! Pembeni mama mmoja wa dagaa, kitenge kiunoni, katulia na fundi wake mzee. Inakuja Crown ya vumbi ambayo hakuna aliyeiosha, stika za sevisi bado ziko mlangoni zimepangana kama mahudhurio ya shule. Anataja bei mara moja, anataja ya pili, wengine wameishiwa. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu... gonga! Hajapigiwa makofi na mtu, lakini jioni anaendesha mwenyewe kurudi kwake.

Kwa hiyo usiende na mchumba wa kumringia wala washkaji wa kukutia ndimu. Nenda na fundi, na kiganja chako kilichoandikwa.

Na dari yako ikipitwa, mkono uingie mfukoni. Usisikitike. Tafuta pa kukaa panapoonekana ziwa, agiza sato wa kuchoma na ugali wa moto, uyatazame mawe ya Mwanza yanavyobadilika rangi jua likizama. Pesa yako bado unayo, na Jumamosi nyingine ipo. Lakini siku utakayonyoosha mkono Pasiansi, uwe umekwisha kunusa buti.

Alamsiki!